Kibao Namba Kumi na Tisa

Mimi ni dobi, na dobi akiambiwa doa halitoki, kwanza haamini. Miaka thelathini nimepokea nguo za watu nikazifunga vipande vya namba, na nimejifunza kwamba nguo hazipotei. Watu ndio huzisahau. Kwa hiyo Mama aliponiambia, akiwa na miaka themanini na moyo ambao daktari alishaacha kuupa ahadi, kwamba nimpeleke kwenye mji mmoja wa mapumziko ufukweni, nilimuuliza swali la kazini kwangu.

"Umesahau nini huko?"

"Nina kitu cha kurudisha."

"Kitu gani?"

"Kitu cha watu. Utanipeleka au niende peke yangu nikafie njiani?"

Huyo ndiye Mama. Ukimvuta ulimi anaumeza, ukimwacha anakupiga nao. Nilikata tiketi mbili za treni, nikamwachia binti yangu duka, tukaondoka.

Ajabu ni kwamba Mama alikuwa haipendi bahari. Sisi watoto wake tumekua bila kuogelea, na hata beseni la kufulia alikuwa akilimwaga upesi, kana kwamba maji yakikaa yataharibu kitu. Na alikuwa na tabia nyingine ambayo tuliizoea mpaka tukaacha kuiona. Tulikuwa watoto watatu. Kila jioni kabla ya kufunga mlango wa mbele alitugusa vichwani mmoja mmoja: mmoja, wawili, watatu. Kisha mkono wake ulishuka hewani mahali pasipo na mtu, usawa wa kifua chake, akasema "wanne" kwa sauti ya mtu anayeuliza. Ndipo alipofunga. Kaka yangu alikuwa akisema Mama anamhesabu paka. Hatukuwahi kufuga paka.

Tulifika asubuhi. Zamani, kwa macho ya mtu yeyote, huo ulikuwa mji wa watu wenye nafasi: hoteli za ghorofa tatu zimepangwa kando ya barabara ya ufukweni, kila dirisha na kibaraza chake, na mabenchi ya chuma yote yamegeuziwa majini. Sasa nusu ya hoteli zilikuwa zimefungwa na rangi inabanduka kwa mabamba. Chumvi ilikuwa imeingia kila mahali, kwenye bawaba, kwenye vitasa, kwenye mapazia. Mimi naijua chumvi. Kitambaa kikishaionja hakikauki sawasawa tena. Kila hewa ikipata unyevu, nacho kinalowa.

Nilidhani tutaanza na chai. Mama hakugeuka hata kuangalia mgahawa. Alinitangulia na fimbo yake, akapita hoteli ya kwanza, ya pili, akakata kushoto penye duka la kadi za picha, bila kumuuliza mtu njia. Hapo nikaanza kuingiwa na wasiwasi, maana miaka yote alikuwa akituambia hajawahi kufika.

Mwisho wa barabara ilikuwepo nyumba ndefu ya mawe, imejengwa hadi ndani ya maji. Juu ya mlango paliandikwa kuwa ni nyumba ya kale ya kuogea, sasa makumbusho, na hufungwa saa kumi na moja jioni. Mwanamke wa makamo alitupokea. Kiunoni alikuwa na kitita cha funguo ambacho kingemzamisha mtu, na baadaye muuza kadi za picha aliniambia kwamba mjini wanamwita Mama Funguo.

"Shikamoo, bibi," alimwamkia Mama. "Mmekuja wakati mzuri, wageni wengine mpaka saa kumi. Nitawaonyesha taratibu."

Alitupa kila mmoja kibao kidogo cha bati chenye tundu. Changu kilikuwa na namba ishirini na moja, cha Mama ishirini. Upande mmoja kilipakwa rangi nyeupe, upande wa pili nyekundu.

"Tundikeni pale ukutani, wekundu mbele," alisema. "Ndivyo ilivyokuwa enzi hizo. Mtu akiingia kuoga anatundika nyekundu. Akitoka anageuza mwenyewe, nyeupe. Mama wa vibao anakaa hapa mezani anaangalia. Haruhusiwi kumgeuzia mtu kibao chake, hata akiwa mfalme. Na chini, mnaona vishubaka? Viatu vinakaa humo, kila kishubaka na namba yake. Jioni mama wa vibao anakagua mara mbili: vibao vyote vyeupe, vishubaka vyote vitupu. Akishaona hivyo, anaufunga ule mlango."

Alituonyesha mlango wa chuma mwisho wa ukumbi. Nyuma yake, alisema, kuna ngazi za mawe zinazoshuka baharini, na kulia na kushoto ni ukuta na miamba mikali. Anayeogelea hana njia nyingine ya kurudi. Maji yakijaa, yanazimeza ngazi zote mpaka kizingiti.

Nilitundika kibao changu. Ubao wote ulikuwa umejaa vibao vyeupe, isipokuwa vyetu viwili na kimoja kando yetu. Kumi na tisa. Kilikuwa chekundu.

"Kuna mgeni mwingine ndani?" niliuliza.

"Hapana. Hicho hakigeuzwi. Nitawaeleza tukifika."

Mkono ukanivuta kwenye kishubaka cha kumi na tisa, chini yake. Ni mazoea ya kazi. Mimi siwezi kuona kitu nisikipapase. Vishubaka vingine vilikuwa vikavu na vumbi lake. Hicho kilikuwa kimelowa. Si maji ya kumwagika, maana hayo hutiririka. Ulikuwa unyevu ule unaokaa ndani ya mbao, na vidole vyangu vilipoanza kukauka vikanata.

"Bomba linavuja?" niliuliza.

"Hakuna bomba upande huo," alisema Mama Funguo. "Nakifuta kila asubuhi. Nimezoea."

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la kuvalia, mkoba wake mapajani, ameukumbatia kwa mikono miwili. Nikamuuliza kama anajisikia vibaya. Akasema niache kumsumbua nisikilize.

Basi tukasikiliza. Mama Funguo alisimulia kwa sauti ya mtu aliyeyasema maneno hayo mara elfu. Alisimulia jinsi matajiri walivyokuja na masanduku, jinsi madaktari walivyowaandikia maji ya bahari kama dawa, na jinsi watoto wa chini ya miaka kumi na miwili walivyokatazwa kushuka kwenye ngazi hata wakiwa na wazazi. Kisha akafika kwenye kumi na tisa.

"Miaka sitini na saba iliyopita ilikuja familia moja na mabinti wawili. Mkubwa miaka kumi na mitatu, mdogo tisa. Mkubwa alipewa kumi na tisa, akaoga, akatoka, akageuza kibao, akaenda zake. Mdogo alibaki akimbembeleza mama wa vibao amruhusu aonje maji kidogo tu. Mama wa vibao akamhurumia. Akampitisha bila kibao. Halafu akamsahau. Saa kumi na moja akafunga mlango. Maji yakajaa. Watu wa nyumba ya jirani walisema walisikia kugonga mpaka giza lilipoingia, wakadhani ni mawimbi. Alikutwa asubuhi kwenye ngazi ya juu kabisa."

Nyuma ya mlango wa chuma kitu kikagonga. Mara tatu, polepole.

"Ni maji," alisema Mama Funguo bila kugeuka. "Yanaanza kujaa saa hizi."

Lakini maji hupiga popote, na hayo yalikuwa yamepiga chini, usawa wa kiuno changu, mahali pamoja mara zote tatu. Nilirudi nyuma hatua moja, nikajikasirikia, mtu mzima na mvi zangu.

"Na ilijulikanaje kwamba ni mama wa vibao aliyempitisha?" niliuliza, maana nikiogopa huwa mbishi.

"Dada yake ndiye aliyesema. Walipomuuliza mdogo wako yuko wapi, akajibu: nilimwacha kwa mama wa vibao." Akaishika meza kwa ncha za vidole. "Mama wa vibao alikuwa nyanya yangu, dada. Alifukuzwa kazi siku hiyohiyo. Aliapa hakumwona mtoto, lakini nani angemwamini? Akawa hapiti njia ya sokoni, maana watu wakimwona waliwavuta watoto wao pembeni. Miaka ikapita, matajiri wakahamia fukwe nyingine, nyumba ikafungwa, yeye akabaki na ufunguo mmoja ambao hakuwahi kuurudisha. Akawa anakuja kila siku kukiweka kumi na tisa chekundu. Alikuwa akisema mtu bado yumo majini, na mwenyewe hajatoka kugeuza. Mwishoni kichwa kilichoka, akaanza kuamini kweli alimpitisha. Alikufa akimwomba msamaha mtoto ambaye hakumwona."

"Hakumwona," alisema Mama.

Tulimgeukia sote wawili.

"Nilimficha ndani ya joho langu la taulo. Lilikuwa kubwa, la mama yetu. Akainama, akashika kiuno changu, tukapita hapa mezani kama mtu mmoja. Nyanya yako alinisalimia, nami nikamwitikia. Mdogo wangu alikuwa anacheka huko ndani, nikamfinya anyamaze."

Akafungua mkoba. Akatoa kitambaa, akakikunjua mapajani, na kabla hakijafunguka chote nilishajua kilichomo. Nilipokuwa na miaka saba nilikuta chini kabisa ya sanduku lake jozi ya ndara ndogo za ngozi, nikazivaa nikatoka nazo uani. Kofi nililopigwa siku ile naweza kulisikia hadi leo, na baada ya kofi Mama alikaa chini akalia kuliko mimi.

"Tuligombana majini," alisema Mama. "Kwa ajili ya boya. Nilitaka zamu yangu, akakataa, akanirushia maji machoni. Nikamwambia baki nalo, mimi naenda. Nilipofika hapa nikageuza kibao. Ndara zake zilikuwa humo nyuma ya viatu vyangu. Nikazichukua ili arudi hotelini peku, mawe yamchome, apate adabu." Akazigusa kwa kidole. "Ndara zingekuwemo, nyanya yako asingefunga. Alikagua. Mimi najua alikagua, maana alikuwa mtu wa kukagua."

Wakati huo nilimwelewa yule wa nne, wa kila jioni ya utoto wangu. Nilikuwa na mama mdogo wa miaka tisa, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Nisidanganye: nilichohisi kwanza hakikuwa huruma. Nilitaka kumchukua Mama nimtoe humo. Nilimwona Mama Funguo anamjia Mama, kitita cha funguo kinalia kiunoni pake, nikasimama katikati yao.

"Mama, twende zetu. Umeshasema. Yametosha."

"Yametosha?" alisema Mama Funguo. "Dada, mimi nimeisimulia hadithi hii miaka kumi na mmoja. Kila siku namuua nyanya yangu kwa ulimi wangu, wageni wanasikitika, wananunua kadi ya picha, wanaondoka. Halafu mwenye neno anakuja kuninong'oneza mimi peke yangu, aende zake akalale usingizi?"

"Ana miaka themanini. Ana moyo mbovu. Alikuwa mtoto!"

"Na nyanya yangu alikuwa nani? Saa kumi kuna watu thelathini wanakuja. Awaambie yeye."

"Hawezi!"

"Kaa chini, wewe," Mama aliniambia. "Mimi bado nina ulimi."

Nilikaa. Kwa kweli hata mimi nilijua. Doa la mbele hulitoi kwa kufua bitana. Lakini alikuwa mama yangu, na daktari alikuwa amenionya asipatwe na mshtuko, nami nilikuwa nimeweka vidonge vyake mfukoni mwangu, navihesabu kwa kidole kupitia kitambaa.

Tulisubiri humo ndani. Mama Funguo alileta maji ya kunywa akayaweka karibu na Mama. Maji yalikuwa yanazidi kujaa. Kila baada ya muda mlango uligongwa, mara tatu, palepale chini, na kila ulipogongwa Mama aliinua uso kama mtu anayeitwa na wa kwao. Niliuliza kwa nini hawaufungui tu watu waone kwamba hakuna kitu. Mama Funguo akasema ufunguo anao lakini hajawahi kuutia. Nyanya yake alimwachia agizo kwamba asiufungue mpaka dada mtu arudi.

Saa kumi wageni wakafika, na kelele zao, na kofia zao za jua. Wakatundika vibao, wakachekea vishubaka. Mama Funguo akawaeleza yote kama alivyotueleza sisi, na alipofika kwenye kumi na tisa akanyamaza, akamnyooshea Mama mkono.

Mama alisimama. Nilitaka kumshika akanisukuma kwa kiwiko. Akawaambia watu wale, ambao hakuna hata mmoja aliyemjua, juu ya joho, boya na ndara. Hakujitetea. Alisema, "Nilipoulizwa nilisema nimemwacha kwa mama wa vibao. Nilidanganya. Yule mwanamke hakukosea chochote. Mimi ndiye niliyekosea, na nikamwacha yeye ahukumiwe mpaka akafa." Mtu mmoja mwenye mtoto begani akamuuliza, kwa upole kabisa, mbona amesubiri muda wote huo.

"Uoga, mwanangu," alisema Mama. "Sina sababu nyingine."

Kisha akaenda kwenye kishubaka cha kumi na tisa, akaziingiza ndara, visigino nje, kama mtoto aliyefundishwa kupanga viatu. Akamgeukia Mama Funguo.

Mama Funguo alichagua ufunguo bila kuutafuta. Akautia, ukagoma, akautia mafuta ya bawaba, akautia tena. Wageni walirudi nyuma. Mlango ulifunguka kwa shida, na kwenye kizingiti palikuwa na maji tu, ya kijani, yametulia, na ngazi zikishuka ndani yake mpaka zisipoonekana. Hakuna kitu kilichokuwa kinaelea ambacho kingeweza kugonga. Mama akaita jina ambalo sijawahi kulisikia nyumbani kwetu. Aliliita mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama anavyoitwa mtoto aje kula.

Tukangoja. Sijui tulingoja nini. Baadaye wageni wakaanza kutoka mmoja mmoja, kila mtu akageuza kibao chake, na wengine wakampa Mama mkono. Mama Funguo hakumpa mkono. Alifunga mlango, akasimama mbele yake, akasema, "Sijakusamehe, bibi. Sijui kama nitakusamehe. Lakini kesho nitaisimulia vingine."

"Hilo ndilo nililolifuata," alisema Mama.

Tuligeuza vibao vyetu, ishirini na ishirini na moja. Kumi na tisa tulikiacha chekundu, maana haturuhusiwi. Nilimtoa Mama mpaka kwenye ngazi za barabarani, Mama Funguo akitufuata na kufuli mkononi. Hapo nikakumbuka fimbo. Nilirudi ndani peke yangu.

Jua la jioni lilikuwa linaingia kwa madirisha ya upande wa barabara, na niliona vizuri kabisa. Kibao namba kumi na tisa kilikuwa cheupe. Kilikuwa bado kinabembea kwenye msumari wake. Niliinama kwenye kishubaka. Ndara hazikuwemo. Nikapapasa ndani mpaka mwisho, mbao kwa mbao, na kila mahali palikuwa pakavu kama shuka iliyotoka kupigwa pasi.

Nilimwita Mama Funguo. Alikuja, akatazama ubaoni, akanitazama mimi.

"Ni wewe?"

"Sijagusa."

Aliinua mkono kama anayetaka kukishika kibao, akaurudisha. Akasema "Nyanya," basi, akakaa kwenye ile meza ya zamani, akajifunika uso. Nilichukua fimbo, nikatoka.

Mama alikuwa amesimama juu ya ngazi, kiganja kimefunguka. Aliponiona akanigusa kichwani, mimi mwenye miaka hamsini na mitano.

"Mmoja," alisema.

Mkono wake ukashuka hewani usawa wa kifua chake, kama kila jioni ya maisha yangu, na safari hii ukafika mahali ukakaa.

"Wawili," alisema, na hakuuliza.

Nilimshika mkono huohuo kumsaidia kushuka. Ulikuwa umelowa chepechepe, na baridi, na vidole vyangu vilipoanza kukauka vikanata. Sikuufuta. Tulishuka taratibu, tukiacha nafasi katikati yetu.